Virusi vya Mababu na Lithiamu ya Manono

Goma mahari haizungumzwi kabla ya uchunguzi. Wajumbe hawajavaa makoti wala kubisha hodi, lakini mashangazi na wajomba wa pande zote mbili wameshatuma watu wao kuulizia: kwao wanaishi kwa kazi gani, kuna mlevi, kuna mchawi, na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, kuna kichaa? Akipatikana babu aliyekuwa akitembea uchi njia ya Sake, au mama mkubwa aliyefungiwa chumbani Katindo miaka nenda miaka rudi, uchumba unaweza kufa bila mtu kutaja sababu. Kijana ataambiwa tu kwamba wazee hawakuridhika.

Siwacheki mashangazi hawa. Wameona jambo la kweli. Baipola, ugonjwa unaompandisha mtu wiki nzima hadi halali, anazungumza bila kituo na kugawa mali yake, kisha ukamshusha hata kunyanyuka kitandani kukawa kazi, hutembea kwenye koo. Watafiti waliolinganisha mapacha wanakadiria kuwa asilimia 60 hadi 80 ya hatari yake inatokana na urithi. Mashangazi wanakosea kwenye hesabu. Na sasa imekuja habari mpya ambayo, ikifika kwao vibaya, itaiharibu hesabu hiyo zaidi: kwamba ndani ya DNA yetu kuna virusi vya kale, na baadhi yake vinahusiana na magonjwa ya akili.

Mei 2024 watafiti wa King's College London na wenzao wa nchi nyingine walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications. Walikuwa na sampuli za ubongo za karibu watu 800 waliokwisha kufariki. Wakatazama ni vipande gani vya virusi vya kale vilivyokuwa vikifanya kazi humo, kisha wakavioanisha na takwimu za jeni za makumi ya maelfu ya watu, wagonjwa na wazima. Baada ya mchujo mkali vikabaki vichache: viwili vinahusiana na hatari ya skizofrenia, kimoja na skizofrenia na baipola kwa pamoja, kimoja na sonona.

Virusi ndani ya ubongo! Mtu wa Goma akisikia hivyo atatafuta ndoo ya klorini. Lakini ngoja kwanza.

Kuna kabila la virusi liitwalo retrovirusi. Desturi yao ni kuingiza maandishi yao katika DNA ya chembe wanayoivamia, hata chembe ikigawanyika inayanakili kana kwamba ni yake. Virusi vya UKIMWI ni vya kabila hilo, na Kongo inavifahamu kuliko nchi nyingi: sampuli za zamani kabisa zilizothibitika kuwa navyo zilichukuliwa Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1959 na 1960. VVU huvamia chembe za kinga. Mtoto anaweza kuambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa au kunyonya, lakini hazaliwi na VVU vikiwa vimeandikwa katika DNA ya mwili wake wote. Virusi vya kale vilifika huko. Mamilioni ya miaka iliyopita viliingia katika chembe zinazotengeneza mbegu na mayai. Mnyama aliyevamiwa hakufa, akazaa, na mtoto wake akaja duniani na maandishi ya kirusi katika kila chembe yake. Jambo hili lilitokea tena na tena, na leo kama asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya namna hiyo. Jeni zote zinazotoa maelekezo ya protini za mwili wetu hazifiki asilimia 2. Kwa urefu wa maandishi tu, sisi ni virusi zaidi kuliko tulivyo watu, na sijui mhubiri gani wa Birere atapenda kulisikia hilo Jumapili.

Majirani zetu wa mlimani wako hivyo pia. Gorila wa Virunga wana mengi ya mabaki haya, na yamekaa mahali pale pale pa DNA yalipokaa kwetu, kwa sababu aliyeambukizwa alikuwa babu yetu sote. Lakini kuna kirusi kimoja, PtERV1, kilichowapata mababu wa gorila na wa sokwe mtu, na mwanadamu hana hata alama yake. Huko Australia, koala wanapitia jambo hilo hivi sasa, watafiti wakitazama: retrovirusi inaingia katika urithi wao, kwa baadhi yao imeshakuwa ya kuzaliwa nayo, kwa wengine bado ni ya kuambukizwa.

Kwa nini mwili uliyaacha maandishi ya adui yakae? Mengi yamevunjika, hayana kazi. Machache yamepewa kazi, na hapa sisi watu wa Goma hatuhitaji maelezo marefu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto katikati ya mji; leo mawe yale yale meusi ndiyo misingi ya nyumba zetu na kuta za nyua zetu. Ndivyo ilivyokuwa kwa sinsitini, protini iliyotambuliwa mwaka 2000. Jeni yake ni ya ganda la kirusi cha kale cha jamii iitwayo HERV-W. Zamani kazi ya ganda hilo ilikuwa kuunganisha kirusi na chembe ya kuvamiwa. Leo huunganisha chembe za kondo la nyuma, mahali mtoto anapopokelea chakula na hewa kutoka kwa mama yake. Kila aliyezaliwa na mwanamke, yule wa ukoo "safi" na yule wa ukoo "wenye kichaa", alilelewa tumboni kwa msaada wa kirusi.

Jamii hiyo hiyo ya HERV-W ndiyo iliyoshukiwa mapema katika magonjwa ya ubongo. Mfaransa Hervé Perron alianza kwa kuifuatilia kwa wagonjwa ambao kinga yao hushambulia utando wa neva. Baadaye yeye, daktari wa akili Marion Leboyer na wenzao walipima damu ya wagonjwa wa skizofrenia na baipola, wakaona kwa baadhi yao dalili kwamba HERV-W imeamka. Waliotilia shaka walikuwa na neno zito. Mgonjwa anayepimwa ameshakunywa dawa miaka mingi, pengine anavuta sigara, amekesha, amekonda. Huenda hayo ndiyo yaliyoviamsha virusi. Na kweli, valproate, dawa inayotolewa sana kwa baipola, imeonekana kuziamsha jeni za HERV-W katika chembe zilizooteshwa maabara. Sasa kipi kilimtangulia mwenzake, ugonjwa au kirusi?

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi ya London. Hawakuanza na damu ya mgonjwa aliyechoka. Walianza na herufi za DNA ambazo mtu huzaliwa nazo, ambazo hazibadilishwi na kidonge wala sigara, wala vita. Wakauliza: mwenye herufi hizi, kipande fulani cha kirusi hufanya kazi zaidi au kidogo ubongoni mwake? Na herufi hizo hizo, zinapatikana zaidi kwa wagonjwa? Majibu mawili yakikutana mahali pamoja, kipande kile kinakuwa mshukiwa wa haki. Mshukiwa tu. Kinafanya nini hasa ubongoni, hilo ni la kazi nyingine.

Na ni mshukiwa mmoja katika umati. Januari 2025, mwezi ule ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi mkubwa wa jeni za baipola: wagonjwa 158,036 wakilinganishwa na watu milioni 2.8. Waliona mahali 298 katika DNA panapochangia hatari. Kila mahali huchangia kidogo mno. Hakuna jeni ya wazimu ambayo ukoo mmoja unayo na mwingine hauna. Mimi ninazo baadhi ya herufi hizo, msomaji unazo, na yule shangazi mpelelezi anazo.

Turudi kwenye hesabu yake basi. Katika watu 100 wa kawaida, mmoja au wawili huugua baipola maishani. Katika watoto 100 ambao mzazi wao mmoja anayo, huugua kati ya 5 na 10. Hatari imepanda, tena si kidogo, na asiyetaka kulisema hilo anadanganya. Lakini 90 au zaidi hawaugui. Kwa ajili ya hao watano hadi kumi, Goma inavunja ndoa mia. Halafu inawakimbilia watu wa ukoo ambao kwao "hakuna kichaa", yaani ukoo uliofanikiwa kumficha wa kwake, kumpeleka kijijini Masisi au kumwita mlevi. Ninaujua mji huu. Kuna walevi wengi ambao ulevi wao ulianza baada ya ugonjwa.

Hofu ya pili ni ya maambukizi, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Hebu fikiria redio moja tu isome habari hii kwa sentensi moja: wazungu wamegundua kwamba kichaa ni virusi. Mji huu una kumbukumbu. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa hapa, baada ya karibu mwaka mzima wa vifo Beni, Butembo na Mangina. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Mwaka 2024 ikaja mpox katika kambi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa mji. Tumejifunza kuogopa mkono wa mwenzetu, na funzo hilo liliokoa maisha. Lakini likiangukia kwa mgonjwa wa akili, ambaye tayari anapewa sahani ya peke yake na mkeka wa peke yake, litamuua.

Kwa hiyo iandikwe wazi. Baipola haiambukizwi kwa mkono, kwa mate, kwa damu wala kwa kitanda. Vipande hivi vya virusi haviruki kutoka kwa mtu hadi mtu. Vimekatika na kuchakaa kiasi kwamba Thierry Heidmann na wenzake wa Villejuif, Ufaransa, walipotaka mwaka 2006 kukiona kirusi kimoja cha namna hiyo kikiwa kizima, ilibidi wakijenge upya maabara kwa kulinganisha mabaki mengi. Na kipande kinachotajwa kwa mgonjwa kimo pia ndani ya muuguzi anayemhudumia na ndani ya polisi aliyemkamata.

Kuna wanaosema urithi huu wote ni porojo, kwamba Goma inaugua vita basi. Nawaelewa. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa katika maeneo yenye vita, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa fulani wa akili. Aliyekimbia Sake, akalala kambi ya Bulengo, akafukuzwa tena kambi zilipovunjwa mapema 2025, hahitaji kirusi cha mamilioni ya miaka ili asilale usiku. Lakini vita na urithi havigombani. Mateso ya utotoni huongeza hatari ya baipola, na kwa wenye urithi mzito huweza kuufanya ugonjwa uanze mapema na uwe mkali. Familia moja imekimbia njia moja, imelala turubai moja, watoto sita. Mmoja tu ndiye anayeanza kuhubiri saa nane za usiku kwamba yeye ni rais wa Kongo. Vita peke yake havielezi kwa nini ni huyo.

Mara nyingi anahubiri kweli, na hapo ndipo anapopotea. Mtu aliyepandishwa na baipola ana nguvu, hachoki, maneno yanamtoka, anasikia ameteuliwa. Katika chumba cha maombi hiyo inaweza kuonekana karama kwa wiki mbili nzima. Anatoa pikipiki yake sadaka. Anafunga bila kula. Wiki ya tatu anampiga mchungaji, na ghafla karama imekuwa pepo. Miezi michache baadaye, akiwa amelala akitazama ukuta, familia itaambiwa kwamba amerogwa. Wachungaji ndio wanaoamshwa usiku wakati hospitali imefunga, na wengi hawalipwi, siwezi kuwatukana. Ninachowaomba ni kidogo: mtu asiyelala siku nne apelekwe kwa daktari kabla hajapewa kipaza sauti, na minyororo isitumike. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha watawa wa Frères de la Charité, na Bukavu kuna ndugu yake, SOSAME. Sala inaweza kumsindikiza mgonjwa hadi mlangoni na kuingia naye.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu mwenyewe kwa wenye sayansi. Tafiti nyingi za jeni za magonjwa ya akili zimejengwa juu ya damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Uchunguzi wa 2025 umejitahidi kuwaingiza Waasia wa Mashariki, Wamarekani weusi na Walatino, lakini DNA ya Mwafrika wa Afrika bado ni haba mezani. Hili si suala la heshima tu. Afrika ndiko binadamu wanakotofautiana zaidi kijenetiki. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa waliposoma jenomu za watu 426 tu walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa. Hata virusi vya kale havijagawanywa sawa. Baadhi ya vile vya jamii ya HERV-K, iliyoingia karibuni kuliko nyingine, wengine wanavyo na wengine hawana, na kile kiitwacho K113 kimeonekana mara nyingi zaidi Afrika kuliko Ulaya. Kipimo cha hatari kilichotengenezwa kwa damu ya Ulaya kikiletwa Goma kitakosea, na hakuna atakayejua kimekosea kiasi gani.

Wenzetu wameanza. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya mate na historia za watu zaidi ya 40,000, wagonjwa wa skizofrenia na baipola pamoja na wazima, kutoka Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Eldoret imo kupitia Chuo Kikuu cha Moi, Kilifi imo, Makerere imo. Kongo haimo. Sitanii nikisema tunaweza: maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hapa hapa Goma imesoma jenomu za virusi vya Ebola na mpox wakati risasi zikisikika. Mikono ya kuifanya kazi hii ipo. Tumezoeshwa kuitumia kwa ugonjwa unaoweza kupanda ndege na kuwafikia wengine.

Lakini hata Kongo ikiingia kesho, tiba itokanayo na virusi hivi itachukua miaka mingi kumfikia mgonjwa wa mtaa wa Ndosho, na mgonjwa huyo anaugua leo. Dawa yake ya leo inajulikana tangu mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia alipowapa wagonjwa wenye wazimu wa kupanda chumvi ya lithiamu na kuandika alichokiona. Hadi sasa ndiyo dawa ambayo nyingine hupimwa nayo. Hupunguza kurudi kwa ugonjwa, na tafiti nyingi zinaonyesha hupunguza watu kujiua. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni chumvi ya asili, haina mwenye hataza, kwa hiyo hakuna kampuni inayopata faida kubwa kuitangaza. Tembea na cheti chake kutoka mtaa wa Virunga hadi Himbi, uhesabu maduka ya dawa ambayo hayatakutazama kwa mshangao.

Lithiamu haiko mbali nasi. Iko Manono, mkoa wa Tanganyika, mji uliochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, na mwamba wake ni miongoni mwa akiba kubwa kabisa za lithiamu duniani. Wachina na Waaustralia wameupigania kwa miaka mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa. Hakuna aliyemtaja mgonjwa hata mmoja. Wote wanazungumzia betri.

Nijihadhari: mtu halambi jiwe akapona. Kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachotia sumu kuna nafasi nyembamba, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Akipungukiwa maji mwilini, lithiamu hupanda hadi kuwa sumu, na huu ni mji wa kipindupindu, wenye mitaa ambayo dumu la maji hununuliwa. Daktari anayesita kuiandika ana sababu. Basi huandika valproate, ambayo nayo huharibu mtoto tumboni, na wengi wa wanaopewa ni wanawake wanaoweza kubeba mimba. Kila njia inarudi kwenye maabara ndogo ya hospitali, kemikali za kupimia, maji safi, na barabara au ndege ya kuleta hivyo vyote katika mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025 na benki zake zikafunga milango.

Mgonjwa anayemeza gramu moja ya kaboneti ya lithiamu kila siku hatumii hata nusu kilo kwa mwaka. Betri moja ya gari la umeme huhitaji makumi ya kilo, yaani dawa ya mwaka mzima ya karibu wagonjwa mia moja. Mikataba ya Manono bado itaandikwa na kuandikwa upya. Watakaoketi mezani, wawe wa Kinshasa au wa popote, waingize kifungu kimoja: mchimbaji agharamie lithiamu iliyosafishwa kwa kiwango cha dawa na vipimo vyake vya damu kwa vituo vyote vya afya ya akili vya Kongo, kuanzia Lubumbashi na Kinshasa hadi Bukavu na Goma, na kiasi hicho kitolewe kabla tani ya kwanza haijavuka mpaka.